Nani Ameshika Mizani?

Kazi yangu ya kwanza ya ukaguzi wa gesijoto niliifanya nikiwa nimekalia kreti la soda, ndani ya stoo ya kiwanda kimoja cha Dar es Salaam, nikihesabu risiti za dizeli. Nilikuwa na miezi minne tu tangu niajiriwe. Nilitarajia kukuta vipimo vya kisasa, mabomba na mashine zenye taa. Nilichokikuta ni maboksi matatu ya risiti, daftari la jenereta lililojaa mafuta ya vidole, na karani mmoja mpole aliyeniletea chai ya rangi kila baada ya saa moja.

Hesabu yenyewe haina maajabu. Lita moja ya dizeli ina uzito usiofika kilo moja, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni iliyoko hewani. Kwa hiyo mkaguzi hahitaji kuikamata gesi. Anatafuta lita, anazidisha, anapata tani. Umeme una namba yake ya kuzidishia, na makaa ya mawe yana yake. Kinachotakiwa ni kwamba kila namba kwenye taarifa ya kampuni iwe na karatasi nyuma yake, na kazi yangu ilikuwa kuifuata kila namba hadi kwenye karatasi yake.

Siku ya tatu namba zote zikakubali. Taarifa ilisema gesijoto ya kampuni imeshuka kwa karibu theluthi moja ndani ya miaka miwili, na risiti zilisema hivyohivyo. Nikamuuliza karani, kwa kupiga soga tu, wamefanyaje hadi wakapunguza kiasi kile. Akacheka.

"Si tuliuza malori, dada. Siku hizi tunakodi."

Nikatoka nje kuangalia. Malori yalikuwa yakiingia na kutoka getini kama kawaida, mengine bado yana alama ya rangi ya zamani ya kampuni mlangoni. Tofauti ni kwamba sasa dizeli ilinunuliwa na mkandarasi, risiti zilikaa ofisini kwa mkandarasi, na moshi ulikuwa umeondoka kwenye vitabu vya kampuni. Hewani ulikuwa palepale.

Jioni nikampigia simu mkuu wangu wa kazi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, kama mtu aliyewahi kupita njia hiyo: "Mdogo wangu, sisi tunakagua walichokiandika. Wasichokiandika si kazi yetu."

Sikuwa na jibu. Ila usiku ule nilimkumbuka babu.

*

Babu yangu alilima pamba upande wa Mwanza tangu enzi za Mwingereza. Masimulizi yake ya zama zile hayakuhusu sana mvua wala wadudu. Yalihusu mizani. Mkulima anachuma pamba, anaichambua na familia yake, anaifunga na kuibeba hadi kituo cha kununulia. Pale anamkuta karani wa mnunuzi, anayesoma mzani na kutaja namba. Mkulima hajui kusoma mzani, au anajua lakini hana wa kumlalamikia. "Unabeba mzigo unaokuvunja mgongo," alikuwa akisema babu, "ukifika unaambiwa ni mwepesi."

Historia inamuunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma na Ukerewe walichoshwa na mizani ya wanunuzi, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Hao hawakununua pamba wala kuiuza. Kazi yao ilikuwa kusimama kando ya mzani na kuhakiki kilichotajwa. Ni katika harakati hizo kilipozaliwa chama cha Lake Province Growers' Association mwaka 1952, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima vikaungana kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika.

Kwa muda mrefu niliichukua hadithi hiyo kuwa ya ushirika na uhuru. Baada ya siku zile stoo nikaanza kuiona kuwa hadithi ya ukaguzi. Katika pamba kuna watu wawili mbele ya mzani mmoja, na wanataka mambo yanayopingana. Mnunuzi anataka mzani useme kidogo, mkulima anataka useme kingi. Kila mmoja anamlinda mwenzake kwa jicho la wasiwasi. Mpimaji wa wakulima alikuwa na kazi ngumu, lakini alijua alisimama upande wa nani na alilipwa na nani.

Je, kwenye gesijoto nani anataka mzani useme kweli?

*

Hapa kwetu, ukaguzi wa mazingira ulipata nguvu kamili ya kisheria kupitia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za tathmini na ukaguzi zikafuata mwaka 2005. Kenya walitutangulia kwa sheria yao ya mwaka 1999. Wakaguzi wa wakati huo waliangalia vitu vinavyoonekana au kunuka: maji machafu yanayoelekea mtoni, taka, vumbi la saruji, kelele. Jirani wa kiwanda alikuwa mkaguzi wa pili. Kampuni ikidanganya, samaki wakifa, watu watasema.

Gesijoto haina jirani wa namna hiyo. Hewa ukaa haina rangi wala harufu, na tani iliyotoka Tabata haimdhuru mtu wa Tabata zaidi ya mtu wa Dhaka. Ndiyo maana sheria zake zilianzia mbali, mezani, kwa makubaliano ya nchi.

Itifaki ya Kyoto ilipitishwa Desemba 1997 na kuanza kutumika Februari 2005. Nchi zilizoendelea zilikubali kushusha gesijoto zao kwa wastani wa asilimia 5 chini ya kiwango cha mwaka 1990, katika kipindi cha 2008 hadi 2012. Kifungu cha 12 kilifungua mlango mwingine: mradi unaopunguza gesijoto katika nchi inayoendelea ungeweza kupewa vyeti, kimoja kwa kila tani, na nchi tajiri ikavinunua na kuvihesabu kuwa vyake. Hapo tani ya gesi isiyoonekana ikawa bidhaa yenye bei. Kifungu hichohicho kilitaka kila tani ithibitishwe na taasisi huru zilizoidhinishwa.

Kazi hiyo ilikwenda kwa watu waliokwisha kuzoea kukagua vitu vingine. DNV ilianzishwa Norwei mwaka 1864 kukagua meli. SGS ilianzia Rouen, Ufaransa, mwaka 1878, ikikagua shehena za nafaka bandarini. TÜV SÜD ina mizizi yake katika chama kilichoundwa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1866, baada ya boila la mvuke kulipuka katika kiwanda cha bia. Meli, nafaka, boila: kila kimoja kina mtu wa kuumia papo hapo mkaguzi akikosea. Meli inazama. Mnunuzi anapokea magunia pungufu. Boila linaua. Sasa kampuni hizo zilikabidhiwa bidhaa ambayo ikikosewa hesabu, muuzaji haumii na mnunuzi haumii. Muuzaji anapata vyeti vingi zaidi. Mnunuzi anapata vyeti anavyovihitaji kwa bei nafuu. Wote wawili wanaomba mzani useme kingi, na mkaguzi analipwa na mmoja wao.

Msimamizi wa mfumo, bodi ya Umoja wa Mataifa yenye ofisi zake Bonn, aliliona tatizo. Novemba 2008 bodi iliisimamisha DNV kwa muda, kutokana na kasoro katika taratibu zake za ndani na sifa za baadhi ya wafanyakazi waliopewa kazi. Septemba 2009 ikaisimamisha SGS. Machi 2010 ikaisimamisha TÜV SÜD. Zote zilirudishwa baadaye, baada ya kurekebisha mambo. Mabaharia walioziamini kampuni hizi kwa zaidi ya karne wangeshangaa. Mimi sishangai sana. Nimekaa stoo, najua muda unavyobana na mteja anavyopiga simu kuulizia ripoti.

*

Tusidhani kwamba sheria hizi hazikubadilisha kitu. Kwenye mashirika zilibadilisha mengi. Umoja wa Ulaya ulianza soko lake la gesijoto mwaka 2005, ukiwa na mitambo na viwanda zaidi ya 10,000 ndani yake. Kila kimoja kilitakiwa kupima gesi yake mwaka mzima, kuipeleka hesabu kwa mhakiki huru, kisha kusalimisha vibali vinavyolingana na tani zilizothibitishwa. Aliyepungukiwa alitozwa faini ya euro 40 kwa tani, na kuanzia 2008 ikawa euro 100. Ghafla karani wa risiti za mafuta akawa mtu wa maana. Moshi ukaingia kwenye vikao vya fedha.

Aprili 2006 hesabu za kwanza zilizohakikiwa zikaanza kutoka. Zilionyesha kwamba viwanda vingi vilikuwa vimepewa vibali kuliko gesi vilivyotoa. Bei ya kibali, iliyokuwa imekaribia euro 30, ikaporomoka kwa zaidi ya nusu ndani ya wiki chache, na kufikia mwisho wa 2007 ilikuwa karibu na sifuri. Tukio hilo huelezwa kuwa aibu ya soko, na ni kweli. Lakini ukilitazama kutoka upande wetu, ni siku ambayo karatasi za wahakiki zilisema jambo ambalo serikali na viwanda havikulisema, na bei ikatii.

Kisa kinachonirudia zaidi, hata hivyo, ni kingine, kwa sababu ndani yake hesabu zilikuwa sahihi.

Mafundi friji wa mitaani kwetu wote wanaijua R22, gesi iliyojaza viyoyozi kwa miaka mingi. Inapotengenezwa kiwandani, hutoka pia gesi nyingine pembeni kama taka, iitwayo HFC-23. Kwa hesabu za Kyoto, tani moja ya HFC-23 ilihesabiwa sawa na tani 11,700 za hewa ukaa. Kuiteketeza kulikuwa rahisi: tanuri moja, gharama ndogo. Viwanda 19, vingi vikiwa Uchina na India, vikasajiliwa kupata vyeti kwa kuichoma. Piga hesabu mwenyewe. Cheti kikiuzwa hata kwa euro 10 tu, kuchoma tani moja ya taka hiyo kunaleta euro 117,000.

Mwaka 2007 Michael Wara, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika katika jarida la Nature kwamba vyeti vya HFC-23 vingefikia thamani ya euro bilioni 4.7, wakati kuizuia gesi hiyo yote kungegharimu chini ya euro milioni 100. Viwanda vingeweza kupata fedha nyingi zaidi kwa kuchoma taka kuliko kwa kuuza gesi ya viyoyozi. Taka ikawa zao, na bidhaa ikawa kisingizio.

Watunga kanuni walikuwa wamejihami kidogo. Waliruhusu viwanda vya zamani tu, na wakaweka kikomo: taka isihesabiwe zaidi ya asilimia 3 ya bidhaa. Lakini mwaka 2010 wanaharakati wa CDM Watch walipeleka hoja Bonn kwamba viwanda vinaendeshwa kwa kufuata vyeti. Utafiti wa Lambert Schneider ulionyesha viwanda viwili ambavyo, katika kipindi ambacho havikuruhusiwa kudai vyeti, taka ilipungua. Vyeti viliporudi, taka ikaongezeka.

Sasa mfikirie mkaguzi aliyekwenda kule. Amekagua mita za mtiririko, ziko sawa. Amekagua vipimo vya maabara, viko sawa. Tanuri linachoma kweli, gesi inaisha kweli, namba zina karatasi. Anasaini. Hajadanganya hata nukta. Lakini gesi aliyothibitisha kwamba imeteketezwa, nyingine pengine isingekuwepo kabisa kama vyeti visingekuwepo. Hakuna risiti ya jambo ambalo lingetokea.

Kufikia wakati huo karibu nusu ya vyeti vyote vilivyokuwa vimetolewa chini ya mfumo ule vilitokana na gesi hii moja. Mwaka 2011 bodi ilishusha kikomo hadi asilimia 1, na mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukaamua kwamba kuanzia Mei 2013 soko lake halitapokea tena vyeti vya HFC-23. Miradi yetu ya Afrika, ambayo ilikuwa sehemu ndogo sana ya mfumo ule, ikabaki sokoni wakati bei ya vyeti vyote ikianguka.

Mwisho wa kisa ulifikiwa jirani na kwetu. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikubaliana kupunguza gesi za jamii ya HFC. Kuhusu HFC-23, Marekebisho ya Kigali yalisema jambo lililo wazi: kuanzia 2020, nchi zilizoyaridhia ziiteketeze kwa kadiri inavyowezekana. Hayakuahidi cheti. Jambo lililokuwa likilipwa mabilioni likageuzwa kuwa wajibu. Nikisoma maneno yale huwa nawaza kwamba Kigali ilifanya kile ambacho mkaguzi hakuweza kukifanya. Ilibadilisha swali.

*

Nirudi stoo.

Taarifa ya kampuni ile ilikuwa imeandikwa kwa kufuata mwongozo wa Greenhouse Gas Protocol, uliotolewa kwanza mwaka 2001 na kutumiwa na mashirika duniani kote. Mwongozo unagawa gesijoto katika mafungu matatu: inayotoka kwenye vyombo vya kampuni yenyewe, inayotokana na umeme inaonunua, na inayotokea kwa wengine kwa ajili yake. Fungu la tatu, ambamo malori ya kukodi huangukia, kampuni haikulazimika kuliandika. Mkuu wangu alikuwa sahihi. Mimi pia nilikuwa na karatasi sahihi.

Nilikesha na mwongozo ule. Karibu na usiku wa manane nikakuta nilichokuwa nakitafuta. Kampuni ikihamishia kazi yake kwa mkandarasi na gesi ikatoka nje ya hesabu zinazoandikwa, basi mwaka wa kulinganishia nao lazima ukokotolewe upya, kana kwamba malori hayakuwepo tangu mwanzo. Ukifanya hivyo, ile theluthi inayeyuka karibu yote. Nikaandika aya moja, sentensi nne, bila tuhuma yoyote. Nikaituma.

Mkuu wangu hakujibu siku mbili. Siku ya tatu aliniita ofisini, akanionyesha barua pepe ya mteja, ndefu na yenye hasira za kistaarabu. "Unajua huyu mwakani hatatuita," akaniambia. Nikasema najua. Akaisoma aya yangu tena, akabadilisha neno moja, akasaini.

Mwaka uliofuata mteja hakutuita. Nilisikia wamepata wakaguzi wengine. Nyongeza ya mishahara tuliyoahidiwa ofisini ilisogezwa mbele, na wenzangu wawili waliacha kunisalimia kwa muda. Siwalaumu, wana watoto shule.

Tangu wakati huo kazi hii imeongezeka. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kenya ilirekebisha sheria yake mwaka 2023 na kutoa kanuni mwaka 2024. Ulaya imeanza kuzitoza kaboni bidhaa zinazoingia kutoka nje, saruji, chuma, alumini na mbolea zikiwemo. Vijana wengi niliosoma nao sasa wanahesabu tani: za misitu, za majiko banifu, za viwanda. Wengi wanalipwa na mwenye tani.

Wapimaji wa pamba walisimama upande wa mkulima aliyekuwepo pale, anayetoka jasho, anayeweza kugombana. Yule ambaye sisi tunatakiwa kusimama upande wake hayupo kituoni. Huenda hajazaliwa. Huenda ni mvuvi wa Rufiji asiyejua kwamba kuna taarifa iliyoandikwa kwa jina la hewa yake. Hawezi kutuajiri, hawezi kutupigia simu kuulizia ripoti. Sheria ndiyo inayomleta, na sheria inaweza kumleta akiwa kamili au akiwa nusu, kama ilivyokuwa kwa HFC-23.

Siku hizi nikifika kwenye kiwanda siombi risiti kwanza. Namtafuta karani, nakaa naye, nakunywa chai anayonipa. Kisha namuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote: "Miaka miwili iliyopita, kazi hii mlikuwa mnaifanyaje?"

Baada ya hapo ndipo nafungua boksi la kwanza.